Usingizi Hauishii Chumba cha Upasuaji

Ndugu wa mgonjwa anayefanyiwa upasuaji huhesabu hatari kwa muda ambao mlango wa thieta umefungwa, na daktari anapotoka kusema kwamba kazi imekwisha salama, wengi huona kwamba lililobaki ni kusubiri kidonda kipone. Kwa wataalamu wa usingizi hesabu ni nyingine, kwa kuwa muda unaoanza mshono wa mwisho unapofungwa na kuendelea mpaka mgonjwa awe macho, apumue kwa nguvu zake mwenyewe na kukohoa anapoambiwa, una hatari zake, na mojawapo ya zile zinazotokea mara nyingi zaidi ni kupungua kwa oksijeni katika damu, hali inayoitwa kitaalamu haipoksemia. Hatari hiyo haina kelele. Mgonjwa aliyepungukiwa na oksijeni akiwa bado na dawa mwilini halii wala haombi msaada; mara nyingi huonekana tu kama mtu aliyelala fofofo baada ya kazi nzito.

Jina ambalo watu wengi nchini Tanzania huliita tendo la kumlaza mgonjwa kwa dawa, yaani nusu kaputi, lina kipande ambacho wanaisimu hukihusisha na neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kilichovunjika au kuharibika, na huenda jina hilo, pamoja na ukali wake, linasema kweli kuliko neno la upole la usingizi. Aliyelala usingizi wa kawaida hujigeuza akibanwa pumzi, humeza mate, hukohoa akipaliwa, na ubongo wake humwamsha hewa ya ukaa ikizidi mwilini. Aliyepewa nusu kaputi amenyang'anywa kinga hizo kwa makusudi, kwa dawa za kumpoteza fahamu, dawa kali za maumivu na, katika upasuaji mwingi wa tumbo na kifua, dawa za kulegeza misuli, ili mpasuaji apate kufanya kazi huku mashine au mkono wa mtaalamu ukimpumulia. Kinga hizo hazirudi zote kwa pamoja kama taa za mtaa umeme ukirejea. Hurudi moja moja, na macho yanaweza kufunguka wakati misuli ya koo bado haijapata nguvu ya kuuzuia ulimi usianguke nyuma.

Oksijeni husafirishwa na himoglobini, yaani protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kila molekuli ya himoglobini inaweza kufananishwa na gari dogo la abiria lenye viti 4, linalopakia kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kushusha kwenye ubongo, moyo, figo na misuli. Asilimia inayosomwa kwenye kipimo cha kidoleni si kiasi cha hewa kilichomo mapafuni, kama wengi wanavyodhani, bali ni sehemu ya viti vilivyojaa katika damu inayosukumwa na moyo kwenda mwilini. Mtu mzima mwenye afya anayeishi pwani husoma kati ya 95 na 100, na namba iliyo chini ya 90 huhesabiwa kuwa upungufu unaotaka hatua za haraka. Mpaka huo una sababu ya kimaumbile. Himoglobini hung'ang'ania abiria wake shinikizo la oksijeni linapopungua kidogo, hivi kwamba kazi ya mapafu inaweza kuwa imeharibika sana ilhali namba imeshuka kutoka 98 hadi 93 tu, lakini ikishapita 90 himoglobini huachilia, na kila upungufu mdogo unaofuata huangusha namba kwa kasi. Njia ni tambarare, kisha genge. Mtu anayeiona 91 na kuridhika, kwa mazoea ya shule ambako mwenye 91 hupongezwa, hajui kwamba mgonjwa wake amesimama ukingoni mwa genge hilo.

Mfano huohuo wa gari unaonyesha pia udanganyifu mmoja wa asilimia. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo mtu mwenye gramu 15 za himoglobini katika kila mililita 100 za damu hubeba karibu mililita 20 za oksijeni katika kiasi hicho cha damu, ilhali mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua kwa upasuaji na kubaki na gramu 7 hubeba kidogo zaidi ya mililita 9, hata kama kipimo chake kinasoma 100. Viti vyote vimejaa, lakini magari yenyewe ni machache, na kwake yeye kushuka hadi 88 ni kupoteza sehemu ya akiba ambayo tayari ilikuwa nusu.

Oksijeni hupungua baada ya upasuaji kwa sababu kadhaa zinazoshikana mikono, na ya kwanza huanza kabla kisu hakijashikwa. Mtu mzima akimaliza kutoa pumzi ya kawaida, mapafuni hubaki takriban lita 2 na nusu za hewa, ambazo ndizo ghala ya mwili kati ya pumzi moja na nyingine. Kulala chali huipunguza ghala hiyo kwa sababu matumbo husukuma juu kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na nusu kaputi huipunguza tena kwa takriban nusu lita kwa kuilegeza misuli ya kifua. Kwa kuwa mwili wa mtu mzima aliyetulia hutumia karibu mililita 250 za oksijeni kila dakika, anayeacha kupumua akiwa amevuta hewa ya kawaida huanza kuishiwa baada ya dakika moja au mbili tu. Ndiyo maana mgonjwa huvishwa barakoa na kuambiwa avute oksijeni tupu kwa dakika zipatazo 3 kabla ya kulazwa: ghala hujazwa kwanza. Zaidi ya hayo, katika wagonjwa takriban 9 kati ya 10 wanaopewa nusu kaputi, baadhi ya vifuko vya hewa vya sehemu za chini na nyuma za mapafu hujifunga kama puto lililonyauka, na damu inayopita hapo hurudi moyoni bila kupakia kitu. Kwa kijana mwenye afya kasoro hiyo huondoka ndani ya saa chache baada ya upasuaji mdogo. Kwa mtu mnene, mvutaji wa sigara, au aliyepasuliwa sehemu ya juu ya tumbo, hudumu siku kadhaa.

Sababu ya pili ndiyo inayoua kwa haraka zaidi na ndiyo rahisi zaidi kuitibu, nayo ni kuziba kwa njia ya hewa. Ulimi ni msuli mkubwa, na mgonjwa aliyelala chali akiwa bado mlegevu huangukiwa na ulimi wake mwenyewe kooni. Hewa inayopenya kwenye upenyo uliobaki hutoa sauti, na sauti hiyo ni kukoroma. Hapa mazoea ya nyumbani huleta madhara, kwa sababu katika familia nyingi anayekoroma husemwa kwamba amepata usingizi mzuri, na ndugu aliyeruhusiwa kukaa kando ya kitanda huwanyamazisha wengine ili mgonjwa asisumbuliwe. Kukoroma baada ya nusu kaputi ni njia ya hewa iliyozibwa nusu, na kunyamaza ghafla kwa anayekoroma si lazima kuwa nafuu, kwani huenda njia imezibwa yote. Anayeangalia kwa makini huona kifua kikibonyea ndani wakati tumbo linainuka, vikipokezana kama bembea badala ya kuinuka pamoja: mgonjwa anavuta kwa nguvu na hewa haiingii. Mara nyingi tiba ni vidole viwili tu vya mtu anayejua; muuguzi huinua kidevu, au hushika pembe za taya chini ya masikio na kulisukuma taya mbele, ulimi ukafuata, na hewa ikapita kwa sauti laini. Mgonjwa asiye na sababu ya kulazwa chali hugeuzwa alale ubavu, ili ulimi na mate vielekee shavuni badala ya kooni.

Dawa zilizobaki mwilini ndizo sababu ya tatu. Mofini, pethidini na fentanili, ambazo ni dawa za kundi la afyuni, huondoa maumivu makali na wakati huohuo hupunguza hamu ya ubongo ya kupumua, hivi kwamba mgonjwa anaweza kuvuta pumzi 6 kwa dakika bila kuhisi dhiki yoyote. Dawa za kulegeza misuli zikiwa hazijaisha au hazijatenguliwa vya kutosha, mgonjwa huwa na akili timamu lakini hawezi kuinua kichwa kutoka mtoni kwa sekunde 5, wala kukohoa, na watu wasiojua humdhania mvivu au mwoga. Kuna pia kutetemeka kwa baridi, jambo linaloonekana dogo lakini linaloweza kuongeza matumizi ya oksijeni mara kadhaa kwa wakati ambao mapafu hayana uwezo wa kuongeza ugavi. Blanketi yenye joto katika saa hiyo ni dawa kamili. Maumivu nayo hayafai kusahauliwa kwa kuogopa mofini, kwa kuwa aliyepasuliwa tumbo na kuachwa na maumivu huvuta pumzi fupifupi, hakohoi, na mapafu yake hujaa makohozi. Daktari wa usingizi hutembea kati ya hofu hizo mbili, na ustadi wake huonekana katika kipimo cha dawa kuliko katika mashine.

Kabla ya kuwapo kwa vipimo vya kisasa, upungufu wa oksijeni ulitafutwa kwa macho, kwa kuangalia kama midomo na kucha zimegeuka rangi ya samawati. Njia hiyo haikuwa ya kutegemewa hata kwa wagonjwa weupe. Rangi hiyo huonekana pale ambapo takriban gramu 5 za himoglobini katika mililita 100 za damu zimepoteza oksijeni, kwa hiyo mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kufa bila kuwahi kugeuka rangi, na kwa mwenye ngozi nyeusi sharti ulimi, ufizi, ndani ya kope na viganja viangaliwe kwenye mwanga mzuri, ambao katika wodi za usiku si jambo la hakika.

Aliyebadilisha hali hiyo alikuwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden mjini Tokyo, aliyeeleza uvumbuzi wake mwaka 1974. Aoyagi hakuwa akitafuta kipimo cha oksijeni. Alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kutumia rangi iliyodungwa mshipani na mwanga uliopitishwa sikioni, na kila mpigo wa moyo ulikuwa ukimharibia mchoro wake. Katika kupambana na usumbufu huo alitambua kwamba mapigo yenyewe yalikuwa yakimwonyesha alichohitaji kukitenga, kwa sababu kitu pekee kinachodundadunda kati ya taa na kipokezi ni damu inayotoka moyoni, ilhali ngozi, mfupa na damu inayorudi hubaki vilevile. Kipimo cha kidoleni, au oksimita, hutuma mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho, kwa kawaida wa urefu wa mawimbi wa nanomita 660 na 940. Damu iliyopoteza oksijeni hunyonya zaidi ule mwekundu, damu iliyojaa hunyonya zaidi ule mwingine, na uwiano wa midundo hiyo miwili hugeuzwa kuwa asilimia. Mashine nyingi za thieta hutoa pia mlio kwa kila pigo la moyo, nao hushuka sauti kadiri oksijeni inavyoshuka, hata mtaalamu aliyegeuka kutayarisha sindano hujua kwa masikio kwamba jambo limeharibika nyuma yake.

Kifaa hicho kina udhaifu ambao msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuufahamu kuliko wengine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 katika jarida la The New England Journal of Medicine uligundua kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa, yaani ule ambao oksimita husoma namba ya kuridhisha wakati damu iliyochotwa huonyesha vingine, ulitokea kwa wagonjwa weusi mara tatu hivi ya ulivyotokea kwa weupe. Ngozi yenye rangi nyingi huweza kukifanya kifaa kisome juu zaidi ya ukweli, kwa hiyo 92 ya mgonjwa mweusi inastahili kutazamwa kwa shaka zaidi. Piko nyeusi kwenye vidole vya bibi harusi na rangi ya kucha iliyokolea huweza kuzuia mwanga au kupotosha namba, tofauti na hina nyekundu ambayo kwa kawaida haidhuru usomaji. Dole gumba lisilopakwa au ndewe ya sikio humaliza tatizo. Moshi wa sigara na wa jiko la mkaa lililowashwa chumbani huleta udanganyifu mbaya zaidi, kwani gesi ya kaboni monoksaidi hushika himoglobini kwa nguvu zinazopita mara 200 zile za oksijeni, ikakaa kwenye viti, na oksimita ya kawaida ikaihesabu kama abiria halali. Mvutaji anayeacha sigara hata siku moja kabla ya upasuaji huwa ameshusha sehemu kubwa ya abiria hao haramu, ingawa mapafu yake yanahitaji wiki kadhaa ili yapate nafuu.

Mahali nako kuna neno lake. Hewa ya Mombasa na ya Nairobi zina asilimia ileile ya oksijeni, takriban 21, lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Mwenyeji mzima wa afya haoni tofauti. Anayeamka kutoka kwenye nusu kaputi huanza safari akiwa karibu zaidi na genge. Kwa wenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao, upungufu wa oksijeni una madhara ya ziada, kwa kuwa ni kupotea kwa oksijeni ndiko kunakozikunja chembe za damu kuwa na umbo la mundu na kuziba mishipa, na saa chache za uzembe wodini zinaweza kuanzisha maumivu ya kifua yanayohatarisha maisha.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, ukurasa mmoja wenye mambo 19 ya kuthibitishwa kwa sauti, na mojawapo, kabla mgonjwa hajalazwa, ni kama oksimita imewekwa na inafanya kazi. Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji 8 duniani, ikiwamo London, Toronto na Seattle, na pamoja na miji hiyo mikubwa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Hata hivyo, mwaka uliofuata watafiti walikadiria katika jarida la The Lancet kwamba thieta zaidi ya 77,000 duniani, karibu moja katika kila tano, hazikuwa na oksimita, na shirika la Lifebox lilianzishwa mwaka 2011 ili kuzifikishia vifaa na mafunzo.

Lakini kifaa peke yake hakimpumulii mtu. Nchini Denmark utafiti wa wagonjwa 20,802 uliochapishwa mwaka 1993 uliona kwamba waliofungwa oksimita waligunduliwa kuwa na upungufu mara 19 zaidi ya wasiofungwa, na bado idadi ya vifo haikutofautiana. Wapo waliotumia matokeo hayo kudai kwamba kifaa ni pambo, na hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa kundi lisilofungwa nalo lilikuwa na wahudumu wengi waliofunzwa wakikaa karibu. Somo lenye nguvu zaidi ni kwamba namba hupata maana pale inapomkuta mtu wa kuisoma na kutenda. Hospitali nyingi ndogo hazina chumba maalumu cha uangalizi baada ya upasuaji. Mgonjwa husukumwa koridoni moja kwa moja hadi wodini, bila oksijeni njiani, akakabidhiwa kwa muuguzi mwenye vitanda vingi vya kuangalia.

Oksijeni yenyewe, ikitoka kwenye mtungi au kwenye mashine inayochuja naitrojeni kutoka kwenye hewa ya chumba, ni tiba ya kwanza na haistahili kucheleweshwa, lakini ina mtego ambao hata wahudumu wazoefu hunaswa nao. Mgonjwa aliyezidiwa na mofini, anayevuta pumzi chache na fupi, akipewa oksijeni puani anaweza kusoma 97 kwa muda mrefu, kwa sababu pumzi chache anazovuta zina oksijeni nyingi, huku hewa ya ukaa ambayo pumzi hizo hazitoshi kuitoa ikirundikana katika damu, ikimlevya, na kumzamisha zaidi. Oksimita haipimi hewa ya ukaa. Katika thieta zenye uwezo mashine nyingine huipima kwenye pumzi inayotoka. Wodini mara nyingi hakuna, na kinachobaki ni kumwita mgonjwa kwa jina, kuona kama anafungua macho, na kuhesabu pumzi zake.

Hatari haiishi siku ya kwanza. Baada ya upasuaji mkubwa, usiku wa pili na wa tatu usingizi wa ndoto uliozuiwa na dawa na maumivu hurudi kwa wingi, na ndani yake misuli ya koo hulegea na pumzi hukatikakatika, hasa kwa wazee, wanene na wale ambao hata nyumbani hukoroma na kushtuka usiku. Wakati huo kipimo kimekwisha kuondolewa na barakoa imerudishwa kabatini, na anayeketi karibu zaidi na mgonjwa ni ndugu yake. Ndugu huyo, kwa ruhusa ya muuguzi, humwinua mgonjwa kwa mito akae nusu, humkumbusha kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa, humpa mto wa kukumbatia tumboni anapokohoa ili mshono usimuume, na humsaidia kushuka kitandani mapema. Mgonjwa akilala, ndugu huyo anaweza kuuweka mkono juu ya kifua cha mgonjwa na kuhesabu kuinuka kwake kwa dakika nzima bila kukatiza. Akipata chini ya 10, humwita muuguzi wakati huohuo, hata kama kidoleni panasomeka 97.